Betri Mpya, Gari Bado Haliwaki: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Umeme wa Gari

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na nyingi zimeandikwa na watu ambao tayari wameshatoa hela au wameambiwa watoe: betri mpya, alteneta ya mtumba (jenereta inayochaji betri), mmoja hata kontroo boksi (kompyuta ya gari). Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2010 yana sensa kwenye kichwa cha hasi cha betri, inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, na kompyuta inaamua kuchaji au kutochaji kwa kusikiliza sensa hiyo. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, pima. Maltimita ya kawaida inatosha, mradi iwe na tundu la ampea 10 na isome hadi sehemu ya kumi ya milivolti.

Betri mbili ndani ya miezi minne

"Habari za kazi mafundi. Nina Mazda CX-5 ya 2013, ya petroli. Nikiitumia kila siku haina shida. Ila nikisafiri nikaiacha nyumbani siku tatu, nikirudi inapiga tik tik tik tu. Nimeshanunua betri mbili za ampea-saa 60, na sasa hata i-stop, ule mfumo wa kuzima na kuwasha injini wenyewe, haizimi injini kwenye foleni. Fundi anasema betri za siku hizi feki tupu. Ninunue ya tatu?" – Mama wa Njiro, Arusha

Usinunue, dada. Betri mbovu zipo sokoni, lakini mbili zikifa kwa mtindo mmoja ni wakati wa kumtazama mnywaji, chupa iache. Kuna kitu kinavuta umeme gari likiwa limezimwa.

Hesabu yake iko hivi. Gari lililolala sawasawa hutumia miliampea 20 hadi 50. Kwa kiwango hicho hata wiki mbili betri nzima ya ampea-saa 60 inabaki na nguvu ya kuwasha. Sasa chukua taa ya buti ya wati 5 tu iliyobaki inawaka: ni ampea 0.4. Kwa saa 24 imekula ampea-saa 10, kwa siku tatu 30, yaani nusu ya betri yako. Mara ya kwanza gari linaweza kuwaka. Ila betri ya risasi ikishushwa hivyo mara kwa mara bila kujazwa tena mpaka juu, salfeti inaganda kwenye pleti na uwezo unapungua, hadi hizo 30 zinakuwa ndizo zote ilizobakiwa nazo. Ndiyo sababu ya pili nayo imekufa ikiwa bado ngeni.

Anza kwa kuichaji kwa chaja ya nje mpaka ijae, iache itulie saa kadhaa, kisha pima. Iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Clipu ya hasi ya chaja ifungwe kwenye chuma cha injini au bodi, si kwenye kichwa cha betri. Ukiifunga kichwani umeme unaingia bila kupita kwenye sensa, na kompyuta itaendelea kuamini betri ni tupu.

Ndipo uje kwenye kipimo cha uvutaji. Fungua boneti, fungua mlango wa dereva, na usukume ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ujifunge, ili gari lidhani mlango umefungwa (ukimaliza vuta kitasa kiachie kabla ya kuubamiza mlango, la sivyo utavunja lachi). Ufunguo upeleke mita tano au zaidi, maana ukiwa karibu gari linaendelea kuuitikia. Weka mita kwenye tundu la ampea 10. Usichomoe kebo ya hasi kwa pupa: umeme ukikatika hata sekunde moja kompyuta zinaanza upya, na ile iliyokuwa imegoma kulala inaweza kulala vizuri mbele yako, ukabaki huna cha kupima. Funga kwanza waya mnene kati ya kichwa cha betri na kebo yake, inua kebo, weka ncha za mita mahali hapohapo, halafu ndipo uutoe waya. Kuanzia hapo usiwashe swichi wala kufungua mlango. Fyuzi ya ndani ya mita itaungua.

Mwanzoni utasoma ampea kadhaa. Baada ya dakika chache zinashuka, zinasimama kwenye 0.3 au 0.5, kisha zinashuka tena. Subiri nusu saa, hata saa nzima. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: fundi anasoma 0.6 dakika ya tano, anaanza kufumua waya za gari ambalo lilikuwa bado halijalala.

Kama imegoma kushuka chini ya 0.05, usianze kuchomoa fyuzi mojamoja, kwa sababu kila unayoirudisha inaamsha kompyuta yake. Geuza mita kwenye milivolti (kwanza rudisha ule waya mnene ili umeme usikatike) na uguse vile vijicho viwili vya chuma mgongoni mwa kila fyuzi. Isiyopitisha kitu inasoma 0.0. Fyuzi ndogo ya ampea 10 inayosoma karibu milivolti 0.8 inapitisha takriban ampea 0.1, ya ampea 15, kwa mkondo uleule, itasoma karibu 0.5 kwa kuwa upinzani wake ni mdogo zaidi. Fyuzi isiyosoma 0.0 ndiyo inayokuambia ni saketi gani ya kufuatilia.

Kwa magari yetu tungeanza kushuku vitu vilivyofungwa baada ya gari kutoka bandarini. Redio ya Android inaongoza. Ina waya wa njano unaokaa na umeme muda wote na mwekundu unaotakiwa kupata umeme swichi ikiwashwa tu. Mfungaji mwenye haraka anaziunga pamoja, na redio hailali milele. Halafu alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na kamera ya dashibodi iliyounganishwa moja kwa moja bila kikata umeme. Ikiwa hakuna fyuzi inayosoma kitu na mkondo bado upo, toa kebo ya hasi, chomoa waya mnene wa alteneta, ufunge utepe usiguse chuma, kisha upime tena. Daiodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyovuja ndani ya alteneta hunyonya betri usiku kucha bila kupita kwenye fyuzi ndogo hata moja.

Kuhusu i-stop, imezimwa na kompyuta kwa makusudi kwa sababu inaona chaji haitoshi kuwasha tena. Ukishaziba uvujaji na kuijaza betri, ikagoma bado baada ya siku chache za kuendesha, mwambie mwenye mashine ya kupima kompyuta ya gari afanye uanzishaji upya wa sensa ya betri. Angalia pia kwamba hizo betri ulizouziwa ni za gari lenye mfumo wa kuzima na kuwasha. Kwenye betri za Kijapani zinaandikwa kwa herufi na namba kama Q-85 au S-95. Betri ya kawaida ya umbo hilohilo inaingia vizuri na haidumu, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini mara ishirini kwa safari moja.

Volti 12.5 nikiwa spidi 80

"Nimechomeka mita ndogo ya volti kwenye tundu la sigara. Nikiwa njiani Moshi kwenda Arusha inasoma 12.5, mara nyingine 12.8, ghafla inapanda 14.6 kisha inarudi. Taa ya betri haiwaki. Fundi wa Majengo anataka anifungie alteneta nyingine. Gari ni Toyota ya 2014." – Msomaji wa Majengo, Moshi

Alteneta yako inaelekea kuwa nzima kabisa. Kwenye gari la zamani inatoa karibu volti 14 asubuhi hadi jioni. Kwenye gari lako kompyuta ndiyo inayoipa amri. Betri ikiwa imejaa na gari linavuta, inaishusha ili injini isibebe mzigo na mafuta yasiliwe. Ukiachia mafuta, inaipandisha ili umeme utokane na gari linalojisukuma lenyewe. Ijaribu ukiteremka Kikafu: ondoa mguu kwenye mafuta uone kama namba haziruki kwenda 14 na kitu. Ukianza kupanda ng'ambo ya pili zitashuka.

Kuna jambo la joto pia. Sensa ya betri inasoma nyuzi joto, na volti ya kuchaji inatakiwa ishuke takriban 0.02 hadi 0.03 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Kwa hiyo gari lilelile litasoma 14.5 asubuhi ya Julai Arusha na 13.9 mchana Moshi, chini ya boneti iliyowaka moto, na zote mbili ni sahihi.

Namna ya kuithibitisha alteneta bila mashine: pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si tundu la sigara, maana waya za tundu hula volti 0.2 hadi 0.3 njiani. Injini iwake, kisha washa taa kubwa, feni ya ndani namba ya mwisho na kioo cha nyuma cha kuondoa ukungu. Kompyuta inapoona mzigo huo inatakiwa ipandishe hadi 13.5 au zaidi ndani ya muda mfupi. Geuza mita iwe ya umeme wa AC (unaobadilika mwelekeo), palepale kwenye betri: chini ya volti 0.1 ni salama, ikifika 0.5 daiodi imekufa hata kama volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) zinapendeza. Mwisho, rudisha mita kwenye DC, weka ncha moja kwenye nati ya nyuma ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri, taa zikiwa zinawaka; ikizidi 0.3, tatizo ni kebo au kiungo chake kilichoota kutu.

Volti zikibaki chini ya 13 na mizigo yote imewashwa, chomoa plagi ya sensa ya betri, ukiwa umezima gari, kisha uwashe. Magari mengi yakikosa sensa hurudi kuchaji kwa volti moja isiyobadilika, ya 14 hivi. Ikipanda, alteneta inafanya kazi na mdanganyifu ni sensa au waya wake. Taa ya cheki injini ikiwaka kwa jaribio hilo usishtuke, itafutwa.

BMW bado inalalamika betri

"Shikamooni. Nina BMW X3 ya 2012. Betri ya zamani ilikuwa AGM ya ampea-saa 90, imekufa, nikaweka ya kawaida ya 70 kwa sababu ya bei. Wiki ya pili kioo kinaandika betri inaisha chaji, redio inajizima nikiwa nimekaa ndani. Nimeipima betri dukani wakasema nzima." – Kijana wa Sakina, Arusha

Marahaba kijana. Gari lako halijui kwamba umebadilisha betri. Kompyuta yake inatunza historia ya betri iliyopo, ampea ngapi zimeingia na kutoka na imezeeka kiasi gani, na kwa historia hiyo inapanga volti za kuchaji. Ukiweka mpya bila kuisajili, inaendelea kuihesabu ile kuukuu.

Kwako makosa ni mawili. Usajili haujafanyika, na aina pia imebadilika. Sasa inaichaji betri ya maji ya 70 kwa kipimo cha AGM ya 90 (AGM ni betri ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo). AGM inavumilia volti zinazokaribia 14.8, ya maji ikipelekwa hivyo muda mrefu inachemka, maji yanapungua na gesi ya haidrojeni inatoka. Na betri yako iko kwenye buti, ndani ya gari. Leo hii angalia kama ule mpira mwembamba wa kutolea gesi umechomekwa kwenye betri mpya. Mara nyingi unaachwa unaning'inia.

Ushauri wetu ni urudi kwenye AGM, 80 au 90. Ukibaki na hiyo, mwenye mashine lazima abadilishe kwanza aina na ukubwa kwenye kompyuta, ndipo asajili. Muulize kabla ya kulipa kama mashine yake ina kazi ya kusajili betri ya BMW. Zile ndogo za kusoma kodi za hitilafu pekee haziwezi. Kazi haifiki nusu saa.

Baada ya hapo ujumbe ukirudi, ishuku sensa. Ni kile kiboksi kidogo kilichoungana na kichwa cha hasi, chenye plagi ya waya mbili: mmoja unaleta volti 12, mwingine ni wa mawasiliano. Zima gari, chomoa plagi, liache lilale, pima uvutaji kama tulivyomweleza dada wa Njiro. Mkondo ukishuka sana baada ya kuichomoa, sensa yenyewe ndiyo inayozuia gari lisilale. Na mafundi, tafadhali: kichwa hicho hakitolewi kwa kukidokoa na bisibisi wala kukigonga. Legeza nati kabisa, kizungushe kidogo, kiinue kwa mkono. Ndani yake kuna bodi ya saketi na inapasuka kimyakimya.

Kagua pia nyaya za ziada. Waya wa ethi (wa kurudisha umeme upande wa hasi) wa amplifaya uliofungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi, juu ya sensa, unavuta umeme usiohesabiwa. Uhamishie kwenye bodi.

Kutoa terminali injini ikiwaka

"Fundi wangu anapima alteneta kwa kuchomoa terminali ya betri gari likiwaka. Likizima, alteneta mbovu. Ni sahihi?" – Bomang'ombe

Mzuie. Betri ndiyo inayomeza miruko ya umeme. Ikiondolewa ghafla wakati alteneta inasukuma, volti zinaweza kuruka hadi makumi kwa muda mfupi sana, na kinachoungua ni daiodi, regileta (kidhibiti cha volti) au kompyuta. Mbinu hiyo ilisalimika kwenye injini za dizeli zisizo na kompyuta. Vipimo vya kumpa badala yake viko kwenye jibu la msomaji wa Majengo.

Dashibodi nzima imewaka baada ya kuosha injini

"X-Trail ya 2010. Niliosha injini kwa mashine ya presha, kesho yake taa za ABS (breki), usukani, cheki injini na nyingine zikawaka kwa pamoja. Siku nyingine linawaka, siku nyingine halipigi stata. Mashine ya kupima inasema U1000, na kodi za U nyingi. Nimeambiwa kontroo boksi imeingia maji." – Mwalimu, Usa River

Mwalimu, kodi zinazoanza na U zinasema kompyuta hazisikilizani. Hazisemi ipi imekufa. Taa nyingi zikiwaka kwa mkupuo mmoja, kuna uwezekano mdogo sana kwamba vitu vitano vimeharibika siku moja. Kuna kitu kimoja wanachokitegemea wote: volti, ethi, au waya za mawasiliano. Fuata mpangilio huo.

Volti kwanza. Pima betri mtu akipiga stata. Isishuke chini ya 9.6. Ikifika 8, kompyuta zinazimika na kuwaka katikati ya kupiga stata, na kila moja inaandika kodi kumlaumu jirani. Ukiona hivyo acha kodi, shughulikia betri na kebo.

Pili, ethi. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi chenyewe, nyingine kwenye chuma cha injini, piga stata. Isizidi volti 0.2. Rudia kwa bodi. Presha ya maji hupeleka tope ndani ya viungo vya ethi, na kutu ya kijani inafuata baada ya siku chache. Fungua nati hizo, sugua hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo baada ya kukaza, si kabla.

Ikiwa hayo mawili yako safi, nenda kwenye soketi ya kuchomekea mashine, chini ya usukani. Tundu namba 16 liwe na volti za betri; 4 na 5 ni ethi. Waya za mawasiliano ziko namba 6 na 14. Toa terminali ya betri, subiri dakika chache, pima omu kati ya 6 na 14. Kila mwisho wa waya hizo kuna kizuizi cha omu 120, na viwili hivyo vikiwa sambamba vinasoma 60. Ukipata 60, laini kuu ni nzima. Ukipata 120, kuna mahali imekatika au plagi ya upande mmoja imeachia. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Ukirudisha betri na kuwasha swichi, namba 6 isome karibu 2.6 na namba 14 karibu 2.4. Moja ikikaa kwenye 0 au 12, imeegemea bodi au imegusana na waya wenye umeme.

Ukipata 120, au hata 60 inayocheza unapotikisa waya, fungua plagi zilizo karibu na mahali palipooshwa, hasa ya kompyuta ya injini na ya pampu ya ABS. Angalia kijani kwenye pini na mpira wa kuzuia maji uliokunjika. Safisha kwa dawa ya kupuliza ya viungo vya umeme, wacha pakauke. Petroli haitakiwi hapo. Wala usitoboe waya kwa pini ili kupima. Tundu hilo dogo litaingiza maji msimu wa masika na utatuandikia tena.

Ikibaki kompyuta moja ambayo zote nyingine zinalalamika haisikiki, ipime yenyewe: umeme wake unafika, ethi yake ni safi? Kompyuta isiyosikika mara nyingi imekosa kimojawapo. Kufa kwake ni jambo la nadra, na ya mtumba itahitaji kusomeshwa ufunguo, gharama nyingine juu ya gharama. Angalia na waya zilizotafunwa, kama gari linalala karibu na stoo ya mahindi.

Aqua na feni inayovuma

"Naendesha teksi mtandao, Toyota Aqua. Feni iliyo nyuma inavuma sana mchana, kisha ikaja alama ya kuangalia mfumo wa haibridi (injini pamoja na mota ya umeme), kodi P0A80. Naambiwa ninunue betri kubwa nzima." – Dereva wa Pasua, Moshi

P0A80 inamaanisha kompyuta ya betri imeona seli hazilingani kiasi cha kushauri betri ibadilishwe. Huenda ni kweli. Lakini feni kuvuma kabla ya kodi ni kidokezo: betri inapata joto. Feni hiyo inavuta hewa ya ndani ya gari, chini ya kiti cha nyuma, na kwa vumbi la barabara zetu na nyuzi za mazulia tundu lake linaziba. Abiria akiweka begi hapo, hali ni ileile. Safisha tundu, kichujio na mabawa ya feni kabla ya kulipa kitu kingine. Endesha na vioo vikiwa vimefungwa na kiyoyozi kikiwaka unapoweza. Betri inapumua hewa unayopumua wewe.

Pima pia ile betri ndogo ya volti 12. Haibridi kama hii haina alteneta. Betri ndogo inachajiwa na kigeuzi kutoka betri kubwa, na ikichoka kompyuta huanza kutoa lawama zisizo na kichwa wala miguu. Gari likiwa limewashwa, taa ya READY ikionekana, isome karibu 14.

Kisha mashine inayosoma data za haibridi ionyeshe volti za kila kundi la seli. Betri ya Aqua ni moduli 20 za volti 7.2, jumla 144, na zinasomwa kwa makundi. Usiziangalie gari limesimama, hapo hata mgonjwa anapendeza. Mtu aendeshe, mwingine asome: kanyaga mafuta kwa nguvu, kisha funga breki. Makundi yenye afya hupanda na kushuka pamoja, yakitofautiana sehemu chache za kumi za volti. Moja likianguka volti nzima chini ya wenzake wakati wa kuvuta, na kuruka juu yao wakati wa kuchaji, limechoka.

Kuna hali moja inayowapotosha wengi. Makundi mawili yaliyo jirani, moja linasoma juu kuliko wote na lingine chini kuliko wote, kwa tofauti inayofanana. Hapo seli zinaweza kuwa nzima. Kilichooza ni kile kipande cha shaba kinachoziunganisha au waya mwembamba wa kupimia. Kusafisha na kukaza kwa kipimo sahihi kunatosha.

Kubadilisha moduli moja au mbili kunasaidia muda mfupi tu kama hizo mpya hazijalinganishwa chaji na za zamani. Kwa gari la biashara linalozunguka kutwa, tungechagua betri nzima yenye udhamini wa maandishi, baada ya vipimo hivyo. Na asiye na glavu za mpira za volti 1000 asifungue kifuniko. Plagi ya usalama ya rangi ya chungwa inatolewa kwanza, aliyeitoa anaitia mfukoni, na mnasubiri dakika 10 kabla ya kugusa chochote.

Friji ya safari haichajiwi

"Gari letu jipya la watalii lina betri ya pili ya friji, na kile kiunganishi cha betri mbili kinachojifunga chenyewe. Kwenye gari la zamani kilifanya kazi miaka yote. Kwenye hili, tukifika Karatu betri ya pili tupu, vinywaji vya moto." – Dereva wa utalii, Kijenge

Kaka, viunganishi vingi vya aina hiyo hujifunga volti zikipanda karibu 13.3 na kujiachia zikishuka karibu 12.8. Gari la zamani lilikuwa 14 muda wote, kwa hiyo kilikaa kimejifunga. Alteneta inayoongozwa na kompyuta ikishuka 12.6 barabarani, kiunganishi kinaachia, na friji yenye kuvuta ampea 3 hadi 4 inabaki inakula betri yake yenyewe.

Kiondoe, weka chaja ya DC kwenda DC, inayopandisha volti zozote zinazokuja mpaka zitoshe kuijaza betri ya pili. Ya ampea 20 au 25 inatosha friji moja na taa za kambi. Chagua yenye waya wa kuwashia unaofungwa kwenye saketi inayopata umeme swichi ikiwaka, kwa sababu ile ya kutegemea volti pekee itarudia ugonjwa uleule. Waya wa chanya uwe wa milimita za mraba 10 kama umbali hauzidi mita nne, mnene zaidi kama betri ya pili iko nyuma kabisa. Fyuzi ya ampea 40 iwekwe kila upande, isiwe mbali na kichwa cha betri zaidi ya sentimita 20 hivi. Ethi zote mbili zifungwe kwenye bodi, baada ya sensa.